Buibui wa kijani wa kwenye mbaazi: kumtambua na kumweka

Msomaji wetu wa Ganda, nje ya mji wa Malindi, anauliza: "Assalamu alaikum. Juzi kwenye mbaazi za shambani kwetu nimemkuta buibui wa kijani amekaa juu ya ua, ameshika nyuki. Mwili wake ni kama sentimita moja na nusu, tumbo limechongoka nyuma na lina alama nyeupe, miguu ni mirefu na ina miiba myeusi. Nimemtia kwenye chupa ya jemu, nimetoboa kifuniko, nimemwekea na pamba yenye maji. Leo siku ya tatu, nzi niliyemtilia hamgusi, na kila akijaribu kupanda anateleza. Mama anasema ana sumu, nimtupe. Ni buibui gani huyu, na nikitaka kumfuga nifanyeje?"

Waalaikum salaam, ndugu yangu. Kabla hujasoma zaidi, nenda ukaitoe hiyo pamba, na kifuniko ukiondoe. Ziba mdomo wa chupa kwa kipande cha bafta na ukikaze kwa mpira. Usitumie chandarua cha kulalia. Sababu zinakuja mbele, ila yeye asingoje tumalize mazungumzo.

Kwa sifa ulizotaja, huyo ni buibui wa jenasi ya Peucetia, familia ya Oxyopidae. Rangi peke yake isingetosha kumtaja, maana buibui wa kijani huku Pwani ni wa namna nyingi, na wengi wao hawana udugu wa karibu. Kilichomtambulisha ni miguu. Mpige picha kwa simu, kisha uikuze: utaona miiba mirefu, myeusi, iliyosimama mbali na mguu, haikulala kama manyoya. Halafu mtazame kichwa kutoka juu. Ana macho manane. Sita yamejipanga kwa pembe sita juu ya paji, na mawili madogo sana yako chini yake, kwa mbele. Mpangilio huo ndio muhuri wa familia. Tumbo lililochongoka na tabia ya kuvizia juu ya ua bila kutega utando vinamaliza shaka.

Wanaochanganywa naye ni hawa. Wa familia ya Thomisidae nao hukaa kwenye maua, lakini jozi mbili za miguu ya mbele ni ndefu kuliko za nyuma, wanakwenda ubavu ubavu kama kaa, na hawana miiba iliyosimama namna hiyo. Katika nyasi yuko Oxytate, mwembamba, anayejinyoosha sambamba na jani mpaka humwoni. Wa Sparassidae, kwa mfano jenasi ya Olios, ni bapa, miguu imetandazwa kando, macho yamepangwa safu mbili za manne manne. Ukimkuta katikati ya utando wa duara, huyo mara nyingi ni wa Araneidae. Akiwa mfupi mwenye macho mawili makubwa yanayokukodolea mbele, ni mrukaji wa Salticidae.

Kuna mmoja wa kumwangalia vizuri: Cheiracanthium. Ukijani wake umefifia, unaelekea manjano, taya zake ni nyeusi, na mchana hulala ndani ya jani alilolikunja na kulishona kwa uzi wake. Usiku ndio hutembea. Akiuma, anauma kweli, na pahali palipoumwa panaweza kukawia kupona. Ukifunua jani lililokunjwa ukamkuta wa rangi hiyo, mwache hapo hapo.

Huko kuteleza kwenye chupa nako ni alama. Oxyopidae wana kucha tatu ncha ya mguu, lakini hawana vile vishungi vya manyoya laini ambavyo buibui wengine hushikia kioo. Olios angepanda chupa yako ya jemu mpaka juu bila tabu. Wako anahitaji kitu chenye mikwaruzo, na hilo litarudi tukifika kwenye kujivua gamba.

Spishi haipatikani kwa picha ya mgongo. Jenasi hii ina spishi karibu 50, na hutenganishwa kwa viungo vya uzazi chini ya hadubini, tena kwa aliyekomaa tu. Kwa kumweka nyumbani jenasi inatosha, kwa sababu maisha yao yanafanana sana. Aliyechunguzwa kuliko wote ni Peucetia viridans wa Marekani; tarakimu za mayai nitakazokupa ni zake, zichukue kama kipimo cha kukadiria.

Sasa hoja ya mama. Sumu anayo, kama walivyo nayo karibu buibui wote. Ni ya kuulia wadudu. Akimuuma mtu, pahali hapo panauma na kuvimba, basi. Huuma akibanwa mkononi au ndani ya nguo, kwa hiyo usimshike kwa vidole: mfunike kwa kikombe, pitisha kadi chini, mhamishe. Kumbana kwa vidole kuna hasara nyingine, anaweza kuukata mguu wake mwenyewe akuachie. La kumwambia mama ni jingine: Peucetia viridans jike akisumbuliwa, hasa akilinda mayai, hurusha matone ya sumu mbele yake kiasi cha sentimita 20. Yakiingia jichoni yanawasha vibaya. Huyu wako ni wa jenasi hiyo hiyo, basi usisogeze uso kwenye chupa iliyo wazi, na watoto wasimchokoze kwa kijiti. Ikitokea, osha jicho kwa maji safi yanayotiririka dakika 15, kisha nenda zahanati. Palipoumwa panaoshwa kwa sabuni na kuwekwa kitu cha baridi. Mtu akipata shida ya kupumua au uvimbe wa uso, hapo ni hospitali, bila kungoja.

Kwa nini hali chakula? Kwa ulivyomweka, sababu ya kwanza ninayoitazama ni hewa. Buibui huyu anaishi juu ya vichaka vilivyo wazi, kwenye jua na upepo. Chupa ya jemu yenye matundu ya msumari kwenye kifuniko haipitishi hewa ya maana, kwa vile matundu yote yako upande mmoja. Ongeza pamba mbichi kwenye unyevu wa Malindi ambao tayari ni mwingi, na ndani ya siku mbili kuta zina jasho, pamba ina ukungu, na yeye amekaa kwenye mvuke. Wanaofuata maelekezo ya kufuga tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, huingia mtego huu sana: wameambiwa buibui anataka unyevu. Wa chini ya ardhi, huenda. Wa juu ya mbaazi anataka tone la maji asubuhi, kisha pakauke.

Sababu ya pili ni kwamba anakaribia kujivua. Ya tatu, ana mayai. Ya nne ni ya kawaida kabisa: alikula nyuki mzima juzi, ameshiba. Mtu mzima wa buibui huyu mwenye tumbo lililojaa hukaa wiki bila kula na asidhurike. Mwenye tumbo lililonywea na kukunjamana ndiye wa kuhangaikiwa, na yeye mara nyingi anataka maji kabla ya chakula.

Makao yake yawe marefu kwenda juu. Chupa ya maji ya lita 10 iliyo angavu inafaa. Ya lita 5 inatosha kwa aliye mdogo. Kata mlango ubavuni, wa kupitisha mkono, uache upande mmoja haukukatwa uwe bawaba, na ufunge kwa utepe wa gundi. Kata madirisha mawili ya sentimita 10 kwa 15, moja karibu na chini na jingine upande wa pili karibu na juu. Hewa ya moto inatokea juu, ya baridi inaingilia chini, na ndiyo siri yote ya chombo kizuri. Shingo ya chupa nayo iache wazi, uizibe kwa wavu.

Wavu uwe wa dirisha, wa plastiki au wa aluminiamu, ule unaouzwa kwa mita kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Chandarua cha kulalia kimetiwa dawa, pairethroidi, na dawa hiyo haichagui mbu na buibui. Aliyening'inia kwenye wavu wa namna hiyo usiku kucha utamkuta asubuhi chini, miguu inatetemeka au imejikunja, na hana tiba. Kukifua hakusaidii, kimetengenezwa kistahimili kufuliwa. Kwa sababu hiyo hiyo, chumba alimo kisichomwe dawa ya mbu ya kuzunguka wala kisipuliziwe ya kopo. Nyumba zetu nyingi huwashwa dawa kila magharibi, kwa hiyo fikiria hili kabla ya yote: kama hakuna pahali pasipofika moshi huo, usimfuge.

Wavu ushikilie kwa gundi ya moto, au ushone kwa sindano na uzi wa nailoni kupitia matundu madogo. Ukitumia silikoni, iache siku mbili ikauke na harufu iishe ndipo umtie mnyama.

Ndani weka tawi la mbaazi lenye majani, au lantana, lifike juu kabisa. Tawi likae kwenye kichupa cha maji, na mdomo wa kichupa uzibwe kwa pamba iliyoshindiliwa, la sivyo utamtoa humo amekufa maji. Badilisha tawi linaponyauka, na ulikague kwanza lisije na sisimizi. Hakikisha shamba ulikolikata halikupulizwa dawa ya viwavi. Chini tandika tishu nyeupe, si udongo. Tishu inakuonyesha kinyesi, mabaki ya nzi na unyevu, na inabadilishwa mara moja kwa wiki.

Joto la nyumba linamtosha, taa ya kumpasha haihitajiki. Kinachomuua ni jua la moja kwa moja kupitia plastiki. Mweke karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, jua lisimpige, kwa sababu yeye huwinda kwa macho mchana. Chombo kisimame juu ya kikombe kilichopinduliwa ndani ya sahani ya maji yenye tone la sabuni. Sisimizi wakimkuta anajivua humaliza kazi kwa saa chache.

Maji: nyunyizia majani ya upande mmoja, mara mbili tatu za chupa ya kupulizia, asubuhi. Utamwona anasogea kwenye tone, anainamisha uso na kukaa kimya dakika kadhaa. Huko ndiko kunywa. Baada ya saa mbili majani yawe yamekauka. Yasipokauka, hewa haitoshi, ongeza dirisha. Tumia maji ya mvua au ya kunywa. Visima vingi vya ukanda wetu vina chumvi, na chumvi hiyo huganda kwenye wavu na majani.

Chakula ni mdudu hai, anayetembea au kuruka, asiyezidi urefu wa mwili wa buibui. Aliyekomaa apewe mmoja kila baada ya siku tatu au nne. Mdogo, kila baada ya siku mbili. Nzi wa nyumbani na nondo wadogo wanaovutwa na taa ni wazuri, ila nzi asiwe wa jikoni palipopuliziwa dawa. Nyenje wadogo wanafaa, lakini asiyeliwa atolewe kabla ya siku kwisha, kwa sababu nyenje mwenye njaa humtafuna buibui aliye katikati ya kujivua. Mende na sisimizi wasahau. Majimoto, wale sisimizi wekundu wa mtini, ni maadui zake hata huko shambani.

Ukitaka nzi wasiokwisha, msimu wa maembe unakupa bure. Yale maembe yaliyooza yenye funza, ambayo hayakupuliziwa dawa, weka mawili matatu juu ya mchanga mkavu wa kina cha sentimita 3 ndani ya ndoo iliyofunikwa bafta. Funza hushuka mchangani, hugeuka pupa, na baada ya wiki mbili hivi wanatoka nzi wa manjano-kahawia wa milimita 8, saizi yake hasa. Wengi wao ni Bactrocera dorsalis, yule mgeni kutoka Asia aliyegunduliwa kwetu Pwani mwaka 2003 na akawatia hasara wakulima wa maembe. Basi hata wakiliwa wote hakuna wa kuwalilia. Usiwaachie nje wale waliosalia. Kwa buibui mdogo wa milimita chache tumia nzi wadogo wa matunda: ndizi moja iliyoiva kupita kiasi, kijiko kidogo cha hamira juu yake, karatasi iliyokunjwa ya kutambalia, vyote kwenye chupa iliyoachwa wazi siku mbili kisha ikafunikwa kwa kitambaa. Kwa joto letu kizazi kipya hutoka baada ya siku kama 10. Chupa ikianza kunuka siki kali na kuta kuloa, umetia ndizi nyingi mno.

Kujivua ndiko kunakoua wengi wanaofugwa. Dalili zake: anakataa chakula siku kadhaa, rangi inafifia, anajining'iniza kichwa chini kwenye kijiti kwa uzi wake. Ukiona hivyo, toa kila mdudu, usikisogeze chombo, usimguse. Gamba la kifuani hufunguka kwanza, kisha tumbo, na miguu huvutwa mwisho, polepole, ikitoka kwenye ganda lake mmoja mmoja na miiba yake yote. Anahitaji nafasi chini yake, angalau mara mbili ya urefu wa mwili na miguu, na anahitaji pa kushikia pasipoteleza. Ndani ya chupa ya jemu hana pa kujining'iniza. Akijaribu ataanguka gamba likiwa nusu, na miguu itakauka imepinda. Akimaliza ni laini na mweupe-mweupe. Mpe tone la maji siku hiyo, chakula baada ya siku mbili au tatu.

Je, wako atajivua tena? Mpige picha tumboni kupitia kioo. Jike aliyekomaa ana alama ndogo ngumu, nyeusi au kahawia iliyoiva, chini ya tumbo karibu na kiuno. Dume aliyekomaa ana vile vikono viwili vya usoni vilivyovimba nchani. Aliyekomaa hajivui tena. Jike mwenye alama hiyo na tumbo lililovimba kuliko kifua mara mbili ana mayai, na kwa sentimita moja na nusu ulizotaja nadhani ndivyo alivyo.

Rangi ikibadilika usishtuke. Peucetia viridans akikaa kwenye maua ya manjano au yenye wekundu hugeuza rangi taratibu, kwa muda wa wiki mbili hivi.

Akiwa na mayai, maoni yangu ni umrudishe. Atafuma mfuko wa rangi ya majani makavu, wenye vipembe vidogo vidogo, aufunge kwenye ncha ya tawi kwa nyuzi kila upande, na aukumbatie kichwa chini. Kwa yule wa Marekani mfuko mmoja una mayai kiasi cha 200 kwa wastani, na unaweza kufika 600. Huanguliwa baada ya siku 11 hadi 16, na watoto hubaki ndani siku nyingine 10 hadi 16 kabla ya kutoka. Wakitoka, wavu wa dirisha hauwazuii, na walioshindwa kutoka wanakulana. Mtu anayetaka kuwalea anahitaji kichupa kimoja kimoja kwa kila mtoto na chupa kadhaa za nzi wadogo zinazopishana; wenye subira hulea 10 na kuwaachia waliobaki. Ukiukuta mfuko tayari umefumwa, usimtenge mama nao. Kata tawi lote, nenda ulifunge kwenye mbaazi ile ile jioni jua likipoa, mbali na kiota cha majimoto. Shambani ana kazi: nondo wanaotaga viwavi wa kutoboa maganda ya mbaazi ni chakula chake, ingawa nyuki nao, kama ulivyoona, hawaponi.

Akiwa bado mdogo au ni dume, mweke ukipenda. Dume aliyekomaa hana maisha marefu, na dume na jike wasiwekwe chombo kimoja. Kuwachukua wengine kutoka Arabuko-Sokoke au ndani ya magofu ya Gede usijaribu. Hayo ni maeneo ya hifadhi na mnyama hatoki humo bila kibali, hata mwenye miguu minane.

Kama unataka jina la spishi, makumbusho ya taifa Nairobi wana kitengo cha wanyama wasio na uti wa mgongo. Piga picha nne angali hai, mgongo, uso, tumbo na ubavu, pamoja na rula, kwa sababu kijani huondoka kwenye spiriti na hubaki manjano tu. Akifa mwenyewe, mtie kwenye kichupa cha spiriti ya asilimia 70 hadi 75, na ndani yake karatasi iliyoandikwa kwa penseli: Ganda, Malindi, tarehe, "juu ya ua la mbaazi". Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka humo.